Kikaango cha Madame Stella

Merveille, mama yangu,

Umepiga simu sasa hivi kutoka Matonge kusema kwamba kichwa kimefika nusu. Namjua yule msusi wako. Nusu iliyobaki ni saa tatu, labda nne, maana lazima asimame ale, halafu asimame tena amsengenye mtu. Basi nina saa tatu. Nimefunga mlango wa jiko ingawa nyumbani hakuna mtu, nimekaa kwenye hii meza ya plastiki unayoichukia, na ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kifaransa changu ni cha ofisini. Nikianza nacho nitamaliza kwa salamu za heshima kwa bwana mkurugenzi, kana kwamba naomba karatasi.

Sitakuandikia habari za koti. Wala za baridi ya Montréal, wala usali wapi, wala ule nini. Umeshaangalia yote kwenye simu, na soksi ukizikosa utanunua.

Nataka kujibu swali lako.

Siku tisa zilizopita ulikuwa unatafuta sanduku kubwa juu ya kabati langu, ukakuta kitu kizito kimefungwa kwa kitambaa cheupe chenye uzi wa buluu pembeni. Ulikifungua, na niliona usoni mwako kwamba umekijua palepale. Ukakileta kikaango hicho hapa mezani, ukaniuliza polepole: "Maman, poêle ya Madame Stella iko nafanya nini kwetu?"

Nami nikapiga kelele. "Usiguse bintu yangu! Nani alikufundisha kufungua bintu ya bantu?"

Tangu siku ile tunazungumza habari za kilo za mizigo tu. Umemwomba mjomba wako, tonton Dieudonné, akupeleke uwanja wa ndege kesho, na mimi hujaniomba chochote. Nimekusikia ukimwambia kwenye simu: "Non, maman iko na kazi." Sina kazi kesho, na unajua.

Naogopa, Merveille. Niseme mapema ili nisizungukezunguke. Naogopa kesho saa sita utapanda ndege bila kuniambia neno, na utakuwa na haki. Baba yangu alinisindikiza uwanja wa ndege wa Luano hivyohivyo. Tulikuwa tumegombana kwa ajili ya baba yako, hiyo unaijua. Alinibebea sanduku mpaka pale wanapozuia wasiosafiri, akanirekebishia kamba ya mkoba begani, akageuka. Nikauona mgongo wake na lile koti la kahawia, na sikumwona tena hai. Sikuelezi haya ili kukutisha. Au labda nakutisha kidogo. Mama yako hajawahi kuwa malaika.

Haya, kikaango.

Wewe unamkumbuka Madame Stella kama mtoto anavyokumbuka: mkongojo, pete kubwa, pipi za aniseti. Mimi nilimkuta siku niliyokwenda kwake kuomba kazi ya nyumbani. Nilikuwa nimekariri Kifaransa changu ndani ya tramu njia nzima hadi Uccle, nikaingia sebuleni kwake, nikaanza kukitoa kama shairi la shuleni. Akanisikiliza, akaangalia jina langu kwenye karatasi, akaniuliza: "Weye ni wa Katuba ao wa Kamalondo?"

Nilicheka, maana hiyo ni mitaa ya kwetu Lubumbashi, kisha nikalia mbele ya mtu ambaye hata hajaniajiri. Alikuwa Myahudi, amezaliwa Lubumbashi wakati bado inaitwa Élisabethville, baba yake akiwa na duka la vitambaa, na amebebwa mgongoni na yaya wa kwetu. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, cha jikoni, kimejaa amri. Yeye mwenyewe alilijua hilo. "Mi nilijua kusema 'leta' mbele ya kujua kusema 'aksanti'," aliniambia siku moja. "Sasa ni mi niko naomba, ona."

Tangu siku ya kwanza aliniita Maman Merveille. Na kweli, tangu ulipozaliwa hakuna tena anayeniita kwa jina langu. Kanisani ni Maman Merveille, sokoni ni Maman Merveille, hata tonton wako, ndugu yangu wa tumbo moja, ananiita hivyo. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Jumatano shule ilipoisha mchana ulikuwa unakuja pale. Ulifanya kazi zako za shule kwenye meza ya jikoni, ukamwita bonne-maman, kama bibi yako wa damu, bila mtu kukufundisha. Na ilipofika Pasaka yao ulikuwa unangoja kile chakula cha asubuhi kama watu wengine wanavyongoja Krismasi.

Siku nane hawali mkate ulioumuka. Kabla ya hapo nyumba nzima inasafishwa, mpaka mifuko ya makoti inageuzwa kutafuta chembe. Sufuria za kila siku, vikaango, sahani, vyote vinaingia kabatini na milango inabandikwa utepe wa karatasi. Kisha linashushwa boksi la vyombo vya Pasaka, ambavyo havijaonana na mkate tangu vitengenezwe. Katika boksi hilo mlikuwa na hiki kikaango cha chuma. Kilikuwa cha mama mkwe wake, aliyekibeba kutoka Poland, na ndiye aliyemfundisha chakula chenyewe. Sisi tuliita matza na mayai tu, matza ikiwa ule mkate wao usioumuka. Madame aliita mukate ya mbio. "Bantu banatoka Misri mbio-mbio," alikuelezea, "mukate haikuinuka. Tunalipa mpaka leo, tunakula carton."

Unakumbuka nilivyoipika mara ya kwanza? Nilichukua matza zile, ngumu kweli kama boksi, nikazionea huruma, nikaziloweka katika maji ya moto robo saa nzima kama ninavyoloweka maharage. Nikatia mayai. Madame alikuja na mkongojo wake, akaangalia ndani ya bakuli, akauliza: "Maman Merveille, uko napika bukari?" Ugali, mimi! Ulicheka mpaka ukaanguka kwenye kiti.

Kisha akanionyesha. Unavunja kwa mikono, vipande vya ukubwa wa kidole gumba, si vidogo zaidi. Unamwaga maji ya moto juu, unahesabu mpaka kumi, unayamwaga. Unakamua kwenye viganja, polepole, kama unamkamua kifaranga aliyenyeshewa, alisema hivyo na wewe ukapiga yowe. Mayai mawili kwa kila mtu na moja la nyumba, chumvi, unachanganya, unaacha kidogo ili mkate unywe yai. Siagi mpaka inyamaze kwenye kikaango, ndipo unamimina. Unageuza mara moja tu. Yeye alikula na sukari na mdalasini, mimi na pilipili, na wewe, mtoto wa ajabu, ulitia vyote viwili.

Sasa nafika. Nimeinuka nikanywa maji, nimerudi.

Ilikuwa siku ya mkesha wa Pasaka. Ulikuwa na miaka tisa, shule zimefungwa, kwa hiyo nilikuja nawe. Nilikuwa nimeanza kazi saa kumi na mbili asubuhi, na hadi saa tisa mchana sijala. Kila kitu kilikuwa tayari: jiko linang'aa, makabati yamebandikwa, kikaango cha Pasaka kimeshawekwa juu ya jiko kwa ajili ya asubuhi ya pili yake. Madame alikuwa amelala kidogo chumbani. Na mimi nilikuwa na maandazi kwenye mkoba, yale beignets niliyokaanga nyumbani usiku wa jana yake. Hata kuyaingiza mle ndani siku ile lilikuwa kosa, na nililijua. Nilijiambia yako kwenye mkoba, hayahesabiki.

Yalikuwa yamepoa, yamekuwa mazito. Nikatamani ya moto. Nikaangalia huku na huku, kila kikaango kimefungiwa, isipokuwa kile kimoja.

Nikajiambia dakika mbili.

Na wewe uliniambia. Naandika hili polepole ili lisomeke vizuri: wewe mwenye miaka tisa ulinivuta aproni ukasema, "Maman, hapana, ile ni ya Pâque."

Nikakujibu, "Nyamaza, kula."

Hatukusikia mkongojo kwa sababu ya zulia. Alisimama mlangoni. Jiko lote lilikuwa linanuka hamira na sukari, na andazi moja lilikuwa bado ndani ya kikaango cha mama mkwe wake, limekaa pale kama mgeni asiyealikwa. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliuliza tu, "Ni nani?"

Na mimi nikausikia mdomo wangu ukisema: "Ni Merveille, Madame. Ni mutoto, hajue."

Uliniangalia. Ulikuwa na sukari juu ya mdomo. Nimeosha vyombo vingi tangu siku ile, nimezaa mdogo wako nikamzika, nimepata karatasi, nimepata uraia, na bado yale macho yako nayaona ninapofungua jiko lolote. Hukulia. Uliniangalia kana kwamba unangoja nimalize mzaha. Ulipoona simalizi, ukamgeukia ukasema, "Ni mimi, bonne-maman. Pardon."

Alikuangalia wewe. Kisha akaniangalia mimi, muda mrefu zaidi. Kisha akachukua kikaango mwenyewe, akakitoa jikoni. Mwaka ule hatukula matza na mayai.

Ungeniuliza kwa nini, ningekuwa na jibu, nililiandaa miaka mingi. Karatasi zangu za kuishi hapa zilikuwa zinaisha mwezi wa tano, na barua ya kazi ilikuwa ya kuandikwa na Madame. Nyumba niliyofanya kazi kabla ya pale waliniondoa kwa sababu ya bakuli moja lililovunjika. Yote hayo ni kweli. Lakini Madame asingenifukuza kwa ajili ya andazi, na hilo nililijua hata wakati mdomo unafunguka. Niliona aibu tu. Mwanamke mzima, kaambiwa na mtoto asifanye, kafanya, kakamatwa anatafuna. Nikakutupa mbele ili nijifiche nyuma yako. Nilikuuza kwa aibu ya dakika moja.

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Sikuishia hapo.

Jumatano iliyofuata ulivaa viatu mapema, ukasimama mlangoni, umemchorea picha. Nikakuambia Madame amechoka na watoto. Nikakuambia hataki uje tena. Ulivua viatu, ukavipanga, kimoja kando ya kingine.

Huo ulikuwa uongo, Merveille. Madame Stella hakusema hivyo hata siku moja. Kila Jumatano alikuwa anauliza, "Mutoto iko wapi?" nami namjibu, "Iko ku basket, Madame." Wewe hujawahi kugusa mpira maishani mwako. Alikuwekea penseli za rangi kwenye droo ya meza ile, zikakaa humo hadi nyumba ilipouzwa. Niliogopa kwamba mkikaa pamoja tena utasema, au hata usiposema, atasoma usoni mwako. Kwa hiyo nikawaweka mbali. Miaka minne, wewe ukidhani umefukuzwa kwa kosa langu, na yeye akidhani umemsahau kwa ajili ya basket.

Simu tena. Unasema imebaki mistari mitano. Huyo dada leo ana haraka kumbe, siku ambayo sitaki. Nami nimekujibu "sawa" kwa ile sauti yangu kavu, kwa sababu machozi yalikuwa karibu. Usifikiri nilikuwa na hasira.

Alipohamia nyumba ya wazee nilikuwa naenda kumwona Jumapili baada ya ibada. Siku moja akanishika mkono, akaniambia: "Maman Merveille, ile bouton ya gaz yangu, unakumbuka? Ilikufa. Tulikuwa tunawasha na pince."

Nikasema nakumbuka. Kitufe cha jiko la gesi kilikuwa kimevunjika, na koleo la kukizungushia lilikuwa linatundikwa kwenye msumari juu ya mlango.

"Mutoto wa miaka tisa, alifikia pince ile na nini?"

Nikainama kumvutia blanketi miguuni.

"Nilijua siku ileile," akasema. "Mi nilikuwa nangoja useme weye. Nilingoja, nilingoja. Sasa niko nachoka." Kisha akaonyesha kabati. Kikaango kilikuwa mle, kwenye kitambaa chake. "Nilikichomesha ku moto mukali, iko propre, safi kabisa. Peleka kwa mutoto, ni yake. Na umwambie."

Nilikileta nyumbani kwa tramu, nimekipakata kama mtoto mchanga, na njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Ulikuwa umekaa hapahapa, unafanya hesabu. Ulisema, "Bonsoir, maman," bila kuinua kichwa. Nikapita moja kwa moja chumbani, nikakiweka juu ya kabati.

Alifariki majira yale ya baridi. Kwao wanazika haraka, kesho yake tu. Nilikwenda makaburini, na wewe nilikuambia naenda kuosha madirisha ya mtu. Ulikuja kujua miezi mitatu baadaye, kwa bahati, kutoka kwa yule muuza dawa wa Uccle. Usiku ule ulifunga mlango wa bafu ukafungulia bomba. Maji yalikuwa yanapiga kelele, lakini nilikusikia. Nilisimama nje ya mlango nikiwa na taulo mkononi mpaka ulipofunga bomba, kisha nikarudi jikoni kabla hujatoka. Nilitamani sana kugonga.

Mwanangu, kuna kitu nimekiona kwako na ninataka ukisikie kutoka kwangu, maana mimi ndiye niliyekitia. Wewe unasema "ni mimi" upesi mno. Wenzako wa shule walipochelewesha ile kazi ya kikundi, ni wewe uliyekwenda kwa mwalimu. Yule kijana wako wa Koekelberg alipogonga gari la baba yake, wewe ndiye uliyesema ulimvuta mkono. Watu wanasifu, wanasema Merveille ana moyo mzuri. Na mimi hukaa kimya jikoni, kwa sababu najua ulijifunza wapi. Ulijifunza kwamba mtu ukimpenda unambebea kosa lake, na yeye anakuacha ulibebe.

Huko uendako, makosa yako yaseme. Utakuwa nayo, wewe ni binti yangu. Lakini la mtu mwingine usilichukue. Hata kama unampenda, hata kama anakuangalia kwa macho ya kuomba. Hata kama ni mimi. Hilo tu ndilo ninalokuomba, na sina hata haki ya kuliomba.

Asubuhi leo nilikuambia naenda kazini. Nilikwenda Anvers kwa treni, kununua matza. Wakati huu si wa Pasaka, mwenye duka akaniuliza ni za nani. Nikasema ni za mtu anayesafiri. Huo wa kazini ndio uwe uongo wangu wa mwisho kwako, nikiweza.

Kesho saa moja nitakuwa jikoni. Matza iko juu ya friji, mayai yapo, matano: mawili yako, mawili yangu, moja la nyumba. Nitahesabu mpaka kumi, sitapika bukari. Sukari na pilipili nitaviweka mezani vyote. Lakini kikaango ni chako tangu miaka sita iliyopita, kwa hiyo sitapika nacho mpaka uniruhusu. Barua hii nitaiweka ndani yake, juu ya jiko, uikute ukiingia na kichwa chako kizuri. Mimi nitakuwa chumbani. Nitasikia mlango, sitatoka.

Kama hutaki kula nami, nenda na tonton wako, sitakufuata. Kikaango kitie kwenye sanduku. Kina kilo mbili na zaidi, kwa hiyo toa yale mabuti, huwa hata huyavai. Na kama utataka nije uwanja wa ndege, usiseme neno, niachie tu koti langu kwenye kiti cha jikoni. Nitaelewa.

Lakini iwe hivi au vile, Madame Stella aliuliza swali na kwa miaka kumi jibu lililoko ni lako. Lifute. Jibu ni hili hapa: ni mimi, Madame. Merveille hakugusa kitu. Alinivuta aproni, akaniambia hapana.

Siku ile nilikuwa na jina lako mdomoni, jina ambalo kila mtu ananiita kwalo, na nikalitia kwenye kosa langu. Leo kosa hili nalitilia sahihi kwa jina langu mwenyewe.

Béatrice